Mficha Maradhi Hana pa Kuyafichulia

Wahenga walituachia methali kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Katika miaka ya karibuni, ujumbe wa methali hii umekuwa kiitikio cha kila kampeni ya afya ya akili nchini Kenya: zungumza, usinyamaze, tafuta usaidizi. Ni ujumbe mwema. Hata hivyo, unamtwika mgonjwa lawama yote ya kunyamaza kwake, na kuliacha kando swali ambalo lingepasa kutangulia. Akikubali kuyafichua maradhi hayo, atayafichulia wapi, saa ngapi, kwa lugha gani na kwa pesa za nani?

Hoja yangu ni kwamba mipango ya kawaida ya chumba cha ushauri nasaha, yaani ada, ratiba, mahali, lugha na usiri, ni sehemu ya tiba yenyewe. Mipango hiyo ndiyo huamua ni nani atakayetibiwa na ni nani atakayebaki na simanzi yake nyumbani. Sisi tumeliachia soko uamuzi huo, nalo soko limeshachagua.

Tuanze na mbinu, maana ndizo hutangazwa zaidi. Mnasihi wa Nairobi anaweza kufuata mkabala wa Carl Rogers, unaomtaka asikilize kwa makini bila kuhukumu, akiamini kwamba mteja anao ndani yake uwezo wa kujinyanyua. Anaweza kufuata tiba ya utambuzi na tabia, ambayo Aaron Beck aliiasisi nchini Marekani katika miaka ya 1960. Tiba hiyo humfundisha mtu kuyatambua mawazo yanayomdidimiza, kuyapima kwa ushahidi, na kufanya mazoezi nyumbani kati ya kikao kimoja na kingine. Wanasihi wengine huita familia nzima, kwa kuwa aghalabu anayeumwa huwa mmoja ilhali kidonda ni cha nyumba nzima. Mbinu hizi hutofautiana kwa nadharia, lakini kwa kawaida zote humtaka mtu arudi kwa msikilizaji yuleyule, wiki baada ya wiki, hadi imani ijengeke. Kwa hiyo, lolote linalomzuia kurudi mara ya tatu huikatiza tiba, kama dozi iliyoachwa katikati.

Tupige hesabu ya mfano. Ada ikiwa shilingi 3,000 kwa kikao cha dakika 50, vikao 8 vitagharimu shilingi 24,000 kabla ya nauli. Mwalimu wa shule ya msingi anayelipa kodi ya nyumba, karo ya wadogo zake na mkopo wa chama cha ushirika atahudhuria vikao viwili, kisha atasema yuko sawa. Hatakuwa amepona. Pesa ndizo zitakuwa zimekwisha.

Tuseme pesa anazo. Vikao vingi hufanyika saa za kazi, naye lazima aombe ruhusa. Barua ya ruhusa hudai sababu, na sababu hiyo hupita kwa mkuu wa idara, kwa karani, kisha huingia kwenye faili. Akifika kwenye jengo, askari wa lango humwandikisha jina, nambari ya kitambulisho na ofisi anayokwenda, katika daftari ambalo mgeni afuataye atalisoma. Akilipa kwa M-Pesa, ujumbe humtaja aliyelipwa kwa jina, na huenda simu hiyo hushikwa na mwenzake nyumbani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huzihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, lakini usiri wa mteja huvuja langoni kabla mnasihi hajafungua kinywa. Mwanafunzi anayeshauriwa kupokea huduma kwa simu naye anaishi katika chumba cha kupanga, ambacho kuta zake hupitisha hata kikohozi cha jirani.

Kisha kuna lugha. Mtu wetu husema moyo wake ni mzito, au roho imechoka, au mawazo yamemzidi. Anakabidhiwa fomu ya Kiingereza inayomtaka apime huzuni yake kwa nambari. Kiswahili kina maneno sonona na kiwewe, lakini yamebaki katika kamusi na mihadhara yetu. Mgonjwa analazimika kutafsiri maumivu yake kabla ya kuyaeleza, na katika tafsiri hiyo mengi hupotea.

Anayedhani kwamba mambo haya ni ya karani tu na aitazame historia. Mwaka 1913 Sigmund Freud aliandika kwamba kila mgonjwa hutengewa saa yake, naye hana budi kuilipia hata asipoitumia. Kanuni ya leo ya kumtoza mteja aliyeshindwa kufika bila kutoa taarifa mapema ni ndugu wa fikra hiyo. Lakini Freud huyohuyo, akihutubia wenzake mjini Budapest mwaka 1918, alitabiri kwamba dhamiri ya jamii itaamka siku moja na kukiri kwamba maskini ana haki ya kutibiwa nafsi kama anavyotibiwa mwili, tena bila malipo. Mwaka 1920 wafuasi wake walifungua kliniki mjini Berlin iliyowapokea wasio na uwezo. Sisi tuliipokea kanuni ya ada na kuisahau ile ahadi.

Simtuhumu mnasihi binafsi. Analipa kodi ya ofisi, saa aliyomtengea mtu asiyefika hairudi, na mwenye njaa hasikilizi vyema. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inamtaka awe amesomea kazi yake na kusajiliwa, na hiyo ni kinga dhidi ya matapeli. Kosa ni la dola iliyomwacha peke yake abebe mzigo ambao kwa haki ni wa umma, kisha ikawahimiza wananchi wamwendee.

Dola hiyohiyo ilichangia kuwanyamazisha. Kwa miongo mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Aliyekuwa akimweleza mnasihi kwamba alijaribu kufa alikuwa akikiri kosa la jinai. Ni Januari 2025 tu ndipo Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Tusishangae basi kwamba watu walifunzika kuficha.

Je, mpango mwingine unawezekana? Nchini Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda amewafunza akina bibi kuketi kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasaidia watu kutatua matatizo yao, moja baada ya jingine, kwa lugha ya nyumbani. Hapa kwetu, katika eneo la Dagoretti, wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mafunzo mafupi walitoa vikao 5 vya mbinu iliyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani kwa wanawake, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba dhiki yao ilipungua kuliko ya wenzao waliopata huduma ya kawaida. Mipango hii haiondoi haja ya bingwa kwa maradhi mazito. Inathibitisha kwamba mlango unaweza kusogezwa karibu na mgonjwa.

Sheria ya Afya ya Akili, ilivyorekebishwa mwaka 2022, inampa mtu mwenye ugonjwa wa akili haki ya bima ya matibabu. Haki hiyo na ipimwe kwa vikao vya mazungumzo katika zahanati ya mtaani, na isiishie kwenye kitanda cha hospitali. Serikali za kaunti ziwaajiri wanasihi na kuwaweka walipo wagonjwa. Waajiri wa umma wakubali ruhusa ya matibabu isiyotaja maradhi. Nao wanasihi wampe kila mteja, siku ya kwanza, makubaliano ya maandishi kwa lugha anayoielewa, yakieleza ada, idadi ya vikao inayokadiriwa, kanuni ya kuahirisha, na mipaka ya usiri, hasa pale maisha yanapokuwa hatarini. Wanaoweza wafungue vikao vya kikundi na saa za jioni.

Mwanafunzi, uliza chuo chako kina wanasihi wangapi na foleni yao ina urefu gani. Mwanaharakati, kaunti yako inapoita wananchi watoe maoni kuhusu bajeti, nenda utafute fungu la wanasihi katika kurasa zake. Mtumishi wa umma, barua ya ruhusa ya mwenzako ikifika mezani pako, ipitishe bila kumdai siri yake. Tukishafanya hayo, tutakuwa na haki ya kumwambia mgonjwa azungumze.