MAWAKILI WA GHOROFANI, ACHENI KUWAKAUSHIA WATOTO WA WATU!

Kuna wakili mmoja wa Dar, jina linahifadhiwa, ambaye kila Jumatatu lazima aamke na neno Instagram. Suti kali, gari kali, halafu mahubiri: subira yavuta heri, vijana acheni haraka, mafanikio hayana njia ya mkato. Mashabiki wanamwaga makopa. Sasa kuna swali dogo tu ambalo hajawahi kuliposti: yale maombi ya fildi yaliyojaa kwenye baruapepe ya ofisi yake tangu Aprili, yatajibiwa lini?

Hayatajibiwa. Na yeye anajua.

Miongoni mwa waliotuma ni binti mmoja wa Kawajense, anasoma sheria mwaka wa tatu. Kwa wale wanaodhani Tanzania inaishia Kimara, Kawajense ni kata ya Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi, mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Ukitaka kwenda Dar kwa treni unaanza kwanza kuitafuta Kaliua, halafu Tabora, ndipo safari yenyewe inaanza. Mtu wa huko haamki asubuhi akasema ngoja nipite Posta niulizie barua yangu.

Mwezi wa tatu ofisi ile ilitupia tangazo: nafasi za fildi, mwisho wa kupokea maombi tarehe 30 Aprili. Binti akafanya kama tangazo lilivyotaka. Akafuatilia barua ya utambulisho chuoni, akasubiri matokeo ya semista yatoke, akaandika maombi yake, akampa kaka mmoja aliyemtangulia chuo ampitishie macho. Tarehe 22 Aprili akatuma. Siku nane kabla ya mwisho. Kwa hesabu ya mtu wa kawaida, huyo kawahi.

Kumbe nafasi zilikuwa nne, na zote zilishajaa wiki ya kwanza ya Aprili. Tatu wamechukua waliotuma mapema, ya nne kapewa mtoto wa rafiki wa bosi ambaye hata barua hakuandika. Tangazo likaachwa hewani vilevile. Tarehe ileile. Watu wakaendelea kutuma kwenye mlango uliofungwa.

Mwezi wa tano wakili mmoja wa palepale Mpanda akamwambia binti njoo uanzie kwangu. Akaomba wiki mbili, maana Dar bado hawajajibu na ile ndiyo ndoto. Wiki mbili zikawa mwezi. Nafasi ya Mpanda akapewa mwingine, na huwezi kumlaumu aliyeitoa. Julai hiyo, wenzake wanaingia mahakamani na suti za kuazima, yeye anazunguka mjini na bahasha, bodaboda zinamalizia hela ya mama. Mwisho akapata sehemu kwenye ofisi ya serikali, wiki tatu baada ya wengine kuanza, akawekwa masjala kupanga mafaili. Wiki hiyohiyo bosi wa Dar kaposti picha ya "jeshi jipya", watu wanne wanacheka. Chini kaandika neno moja: Subira.

Dah!

Sasa watetezi wake wanajulikana. Wa kwanza atasema, si angewahi? Chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Sawa kabisa, mwenye kuwahi apewe. Lakini basi andikeni! Ofisi kubwa za London huchukua vijana hata miaka miwili kabla ya siku ya kuanza kazi, na nyingine zinasoma maombi kadiri yanavyoingia. Tofauti ni kwamba huwa zinalisema hilo kwenye tangazo, kila mtu analisoma, anajua mchezo unachezwaje. Hapa kwetu sheria ya mchezo wanaijua wenye koneksheni. Mtoto wa Mikocheni ananong'onezwa na mjomba, "tuma kabla ya Pasaka." Mtoto wa Kawajense anaisoma tarehe 30 Aprili na kuiamini. Yaani kosa lake ni kuamini maandishi ya mwanasheria!

Wa pili atasema ofisi iko bize. Bize gani? Huyohuyo anapata muda wa kujibu makopa. Sentensi moja, "nafasi zimejaa, tunakutakia kila la heri", inaandikwa mara moja na kutumwa kwa wote kwa mpigo. Dada wa mapokezi anaimaliza kabla chai haijapoa. Hawajibu kwa sababu kunyamaza hakuwagharimu hata mia. Gharama yote iko upande wa pili.

Wa tatu ndiye anayekera kuliko wote: vijana wa siku hizi hamna subira. Hapo ndipo mawakili wanapojifunga wenyewe, maana hakuna kazi inayohesabu siku kama ya kwao. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inasema kesi ya mkataba ni ndani ya miaka 6, ya kukashifiwa 3, ya kudai ardhi 12. Ukitaka kukata rufaa Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya madai, taarifa yako iwe imeingia ndani ya siku 30. Ukipitiliza, unarudi kuomba uongezewe muda, na mahakama inakutaka ueleze kila siku uliyochelewa. Kila siku! Siku moja ikikosa maelezo, maombi yanaweza kutupwa. Kwenye kesi ya mteja hawamwambii jaji subira yavuta heri. Wanakimbia kama wameona simba. Subira wanaihubiri tu pale siku zinazoliwa ni za mtoto asiye na mtu.

Na hili si suala la binti mmoja kunyimwa picha ya Instagram. Mkumbuke Oktoba 2022, pale Shule ya Sheria kwa Vitendo ilipotoa matokeo na kati ya wanafunzi 633 wakafaulu 26 tu. Nchi ikalipuka, serikali ikaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe. Mitandaoni kila mwenye tai akawa mchambuzi: vijana hawajui kuandika hati, hawajui mahakama, wamekariri tu. Haya, vitendo vinafundishwa wapi? Si ofisini kwenu? Mtu aliyepoteza fildi kwa sababu mlimkaushia, miaka miwili baadaye mnamcheka kwamba hajaiva. Nyie ndio mliofunga jiko.

Kusubiri kuna bei, na bei hiyo hailingani. Aliyezaliwa Masaki akisubiri miezi mitatu, amekaa kwao, anakula kwao. Wa Katavi akisubiri, kuna chumba cha kuulizia Dar, nauli inayopanda, nafasi nyingine anayoikataa kila wiki kwa ajili ya jibu lisilokuja. Bodi ya Mikopo inatoa hela ya mafunzo kwa vitendo kwa wanaostahili, lakini hakuna bodi inayomlipa mtu kwa kungoja. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo yanayoumia ni ya walewale siku zote.

Kinachodaiwa hapa wala si fadhila. Kama nafasi zinajazwa kadiri watu wanavyotuma, andikeni hivyo kwenye tangazo. Zikijaa, lishusheni siku hiyohiyo. Wekeni tarehe ya kujibu kama mnavyoweka tarehe ya kutuma, na aliyekosa aambiwe amekosa. "Hapana" ya mapema ni msaada mkubwa. Kwa "hapana" ya tarehe 10 Mei, binti wa Kawajense leo angekuwa mahakamani Mpanda, anajifunza kazi.

Na nyie mnaotuma, msiibusu tarehe ya mwisho. Tangazo likitoka leo, tuma wiki hii, kama barua ya chuo haijatoka sema itafuata. Baada ya wiki mbili piga simu kwa adabu, uliza, "Shikamoo, samahani, nafasi bado zipo?" Ukipata ya mkononi, ya Mpanda, ya Sumbawanga, ya popote penye wakili anayekwenda kortini, ichukue. Jina la ghorofani ni tamu, ila mafaili ya kesi yanafanana.

Bosi wa Jumatatu naye, siku ukisoma hapa, usikimbilie kujitetea. Fungua ile baruapepe kwanza.

Waliokaushiwa, shukeni hapo chini: andika mwezi uliotuma na mwezi uliojibiwa. Majina ya ofisi msitaje. Wataona wenyewe.