Kuwamo Mjini si Kuishi Mjini: Mgeni na Lugha Katika Mji Mdogo wa Norwe

Mgeni aendaye kuishi Norwe huonywa juu ya mambo mawili: baridi na giza. Hakuna anayemwonya juu ya Kiingereza. Nami nashikilia kwamba, kwa mtu aliyekusudia kuishi katika mji mdogo wa nchi hiyo wala si kupita tu, Kiingereza ndicho kikwazo kikubwa kuliko theluji, maana humfungulia mlango wa kila duka huku kikimwacha nje ya mlango wa kila nyumba.

Mji ninaouzungumzia ni Volda, magharibi mwa Norwe, nilikoishi kwa miezi kumi kuanzia Agosti 2021 nikiwa mwanafunzi. Ni mji uliojibanza baina ya milima na mkono wa bahari, na wilaya yake nzima ina watu wapatao 10,000 na ushei. Chuo chake cha elimu ya juu ndicho kinachowavuta wageni wengi. Juu ya baridi sitasema mengi, kwani yamekwisha kusemwa na kila aliyewahi kupanda ndege kwenda Ulaya. Mwezi wa Desemba mchana haufiki saa sita, na milima yaweza kulificha hata hilo jua dogo lililopo. Mtu hununua koti na taa, akazoea.

Kiingereza je? Watoto wa Norwe hufundishwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, na filamu za kigeni, isipokuwa zile za watoto wadogo, huonyeshwa kwa lugha zake zenyewe zikiwa na tafsiri ya maandishi chini. Matokeo yake ni kwamba dereva wa basi, mwuza samaki na karani wa benki wote humjibu mgeni kwa Kiingereza safi kabla hajamaliza kutafuta maneno ya Kinorwe. Hapo ndipo mtego ulipo. Nimewaona wataalamu wa kigeni wenye shahada za uzamifu, waliokaa huko miaka mingi, ambao hawakuweza kulifuata tangazo lililobandikwa mlangoni mwa jengo lao wenyewe. Wakati wa chakula cha mchana wenyeji huketi wakipiga soga kwa lahaja yao. Mgeni akisogeza kiti, wote hugeukia Kiingereza kwa adabu njema, na kitambo kidogo tu soga limekwisha chumvi na kila mtu anaitazama saa yake. Hakuna aliyemfukuza. Adabu ile ile iliyomkaribisha ndiyo iliyoyaua mazungumzo.

Mpenzi msomaji, mlinganishe mtu huyo na mkimbizi. Kwa miaka mingi Norwe imewapokea wakimbizi wa Kongo, wengi wakipitia kambi za nchi jirani zetu, na kuwagawa katika wilaya, hata zilizo ndogo sana. Sheria iliyotungwa mwaka 2003, na ambayo wilaya zote zililazimika kuitekeleza tangu 2004, iliwapa wageni wa aina hiyo mpango wa kujifunza lugha na maisha ya nchi; mwaka 2021 ilipisha sheria mpya yenye shabaha iyo hiyo. Mama mmoja wa Kivu niliyejuana naye alifika bila neno hata moja la Kiingereza. Asiyekuwa na Kiingereza hakuwa na pa kujificha. Baada ya miaka michache alikuwa akifanya kazi ya kuwatunza wazee, na wazee wa huko husema lahaja yao tu. Alijua nani kafiwa, nani anauza mashua, mtoto wa nani anarudi kutoka Oslo. Wasomi tuliomzidi vyeti tulimwendea yeye kuuliza mambo ya mji.

Tena hakujifunza Kinorwe cha vitabuni. Kinorwe kina sanifu mbili za maandishi, Bokmål na Nynorsk, na bunge lilizipa hadhi sawa mwaka 1885. Vitabu vingi vya kuwafunza wageni vimeandikwa kwa Bokmål, ambamo mtu asiyejua jambo husema "Jeg vet ikke". Volda, wilaya iliyochagua Nynorsk, huandika "Eg veit ikkje", nako kusema ni kwa lahaja. Mgeni aliyehitimu kitabu chake hushuka kwenye basi akadhani kakosea nchi.

Ajabu ni kwamba wenyeji hawaionei lahaja yao haya. Norwe haina sanifu rasmi ya kusema. Mbunge huhutubia bungeni kwa lahaja ya kwao, mwalimu hufundisha kwayo, na mtangazaji husikika kwayo. Mwaka 1878 bunge lao lilikwisha kuamua kwamba watoto wafundishwe, kadiri iwezekanavyo, kwa lugha wanayoisema wenyewe. Nyuma ya fikra hizo yumo Ivar Aasen, mtoto wa mkulima aliyezaliwa mwaka 1813 huko Ørsta, jirani kabisa na Volda. Hakusoma chuo kikuu. Baina ya 1842 na 1846 aliizunguka nchi akikusanya lahaja za wakulima na wavuvi, akachapisha sarufi yao mwaka 1848 na kamusi mwaka 1850, na kutokana na lahaja hizo ikajengwa Nynorsk. Wanaoiandika hii leo ni asilimia kati ya 10 na 15 ya Wanorwe, na ugomvi wa sanifu mbili haujaisha; vijana kadha walininung'unikia kwamba kulazimishwa kusoma zote mbili ni mzigo. Hata hivyo hakuna aliyeniambia kwamba bibi yake anasema Kinorwe kibovu.

Sisi wa Kiswahili tulifika kwenye usanifu kwa njia nyingine. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliteua Kiunguja, kamati ya mwaka 1930 ikakisimamia, na Kimvita na Kiamu, zenye hazina ya ushairi ambayo sote tunaitahinia, zikabaki kuwa mada za somo la lahaja. Sipingi usanifu; bila huo jarida hili lisingesomeka Dodoma na Eldoret. Ninachokipinga ni kiburi tunachosafiri nacho. Kule Volda nilimsikia Mkenya mwenzangu, msomi wa lugha, akimsahihisha yule mama wa Kivu kwa kuwa alisema "batoto". Mama alicheka tu, akaendelea kupakua ugali. Msahihishaji mwenyewe, baada ya mwaka mzima mjini, hakuweza kumshukuru jirani yake kwa lugha ya hapo.

Kuna mambo ya Kinorwe yasiyofasirika nje ya lugha yenyewe. Wakikutana tena baada ya kualikana, husemezana "takk for sist", yaani asante kwa mara ya mwisho tulipokuwa pamoja. Profesa huitwa "du", wewe, na jina lake la kwanza. Kwangu mimi niliyelelewa kwa "Mwalimu", ulimi ulikuwa mzito majuma kadha. Kisha ipo "dugnad", kazi ya pamoja ya kufyeka na kufagia. Ni binamu wa harambee, ila harambee yetu imegeuka kuwa ya kuchanga pesa, nao bado hushika reki. Tangazo ambalo wale wataalamu hawakuweza kulifuata lilikuwa la dugnad. Majirani waliona kwamba hawakutokea, wakanyamaza, kwani ndivyo walivyo.

Nitaulizwa: wa miezi kumi atajifunza lini lugha ya watu 10,000, na itamfaa nini akirudi Kenya? Swali lina uzito, hasa kwa kuwa mwaka 2023 Norwe ilianza kuwatoza karo wanafunzi wa kutoka nje ya Ulaya, na asiyekuja kwa mpango wa mabadilishano ataka kila saa yake imlipe. Lakini idara zetu, zinazomtaka kila mgeni ajaye kusoma Nairobi au Maseno ajifunze Kiswahili, zina haki gani ya kuwapeleka vijana ng'ambo na Kiingereza kitupu mfukoni? Darasa la jioni lilikuwapo, mara mbili kwa juma. Katika watu kumi na wanne tuliokuwa tukihudhuria, wanafunzi wa chuo tulikuwa wawili.