Kustaafu si laana: Mkristo na dalili za msimu unaogeuka

JE, msomaji, wewe ni miongoni mwa Wakristo wanaomwomba Mungu awape ishara ya lini waache kazi, wakabidhi uongozi wa kanisa au wawaachie watoto biashara, ilhali shinikizo la damu limepanda na usingizi umewahama? Ikiwa ndivyo, huenda jibu umeshapewa, ila hujalikubali.

Hapa mjini wapo watu wanaoogopa kustaafu kuliko wanavyoogopa ugonjwa. Mtumishi wa serikali huijua siku yake mapema, maadamu umri wa kustaafu ulitajwa kuwa miaka 60 mwaka wa 2009, kutoka miaka 55 ya awali. Lakini mwenye duka, fundi wa magari, mama anayeamka saa tisa usiku kwenda kununua mboga, na hata mhubiri, hawaletewi barua yoyote. Hao ni lazima watambue wenyewe. Wengi hungojea ndoto au unabii, na papo hapo wakafumba macho wasione yale ambayo mwili unawaambia kila kukicha.

Maoni yangu ni kwamba mwili nao ni mjumbe. Aliyetuumba ndiye aliyeuwekea mipaka, na dalili ya mvua ni mawingu. Ukipimwa mara kadhaa na shinikizo la damu likawa 140 kwa 90 au zaidi, hilo ni neno la kusikilizwa. Isitoshe, ugonjwa huu aghalabu hauumi popote. Mtu huendelea kukesha na kubeba magunia hadi siku ambapo mdomo unapinda, mkono unalegea na maneno yanakwama. Hicho ni kiharusi, na msimu hubadilika siku hiyo bila ya kushauriana naye.

Wapo watakaosema kwamba kupumzika ni upungufu wa imani. Wafungue Biblia kitabu cha Hesabu, sura ya 8. Walawi walioihudumia hema ya kukutania waliamriwa kuacha kazi ile nzito walipofikia umri wa miaka 50. Hata hivyo, hawakufukuzwa. Waliruhusiwa kuwasaidia ndugu zao kwa ulinzi. Mzigo uliondolewa mabegani, heshima ikabaki. Ikiwa utaratibu huo uliwekwa katika hema takatifu, kwa nini duka lako au kiti chako cha uenyekiti kiwe kitakatifu zaidi?

Katika nyakati zetu, Papa Benedict wa 16 alijiuzulu Februari 2013 akiwa na umri wa miaka 85, akieleza kwamba nguvu za mwili na akili hazikumtosha tena kwa kazi ile. Kadhalika, maaskofu wa Kanisa Katoliki hutakiwa kuwasilisha barua ya kujiuzulu wanapofikisha miaka 75. Hakuna awezaye kusema kwamba watu hao wote wamekosa imani.

Hata hivyo, tahadhari ni bora upande wa pili pia. Si kila uchovu ni ishara ya kuondoka. Nabii Eliya aliomba kufa akiwa chini ya mti jangwani. Mungu hakumjibu kwa kumwachisha kazi papo hapo. Kwanza alimpa usingizi na chakula, mara mbili, kisha ndipo wakazungumza juu ya kazi iliyobaki na juu ya Elisha atakayemrithi. Ikiwa huzuni imekushika kwa majuma mawili au zaidi, huna hamu ya lolote na usingizi hauji, hiyo yaweza kuwa maradhi. Mwone daktari kwanza. Usiandike barua ya kuacha kazi ukiwa mgonjwa wa moyo uliofadhaika, kisha ukadai ni Roho aliyekutuma.

Basi utatambuaje? Nenda upimwe damu, sukari na shinikizo, na umwulize daktari wazi kama kazi unayofanya inakuzidi. Uliza mke au mume wako na rafiki mmoja asiyekuogopa. Musa hakujua kwamba anajimaliza kwa kuamua kesi za watu tangu asubuhi hadi jioni. Ni Yethro, baba mkwe wake, aliyemwambia. Kisha jiulize kama yupo mtu uliyemfundisha kazi hiyo. Ikiwa hayupo, anza leo, kwa maana kukabidhi huchukua miaka.

Aidha, usistaafu kwa mdomo tu. Bima ya matibabu inayolipwa na mwajiri mara nyingi hukoma pamoja na mshahara. Hakikisha kwamba umejiandikisha na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na kwamba michango yako inalipwa. Kiinua mgongo kisiishie kwenye sherehe ilhali dawa za shinikizo zitahitajika kila mwezi. Dawa hizo usiziache kwa sababu umeombewa. Luka mwenyewe alikuwa tabibu.

Na ukishaondoka, usikae kitini ukingoje jua litue. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya kadiri kwa juma, na kutembea kwa miguu kwenda kanisani au shambani ni mazoezi. Funza vijana, tembelea wagonjwa, lea wajukuu kwa kiasi cha nguvu zako.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mkristo anayekabidhi mzigo wakati angali anatembea na kusema hajamwacha Mungu. Amekataa tu kumlazimisha Mungu atumie kitanda cha hospitali kumwambia jambo ambalo angeweza kulisikia akiwa mzima. Juma hili, kabla hujaomba ishara nyingine, nenda ukapimwe shinikizo la damu.