Kitanda cha bei rahisi chaweza kuwa ghali

Mwanafunzi anayekwenda Brussels mara ya kwanza hutafuta chumba cha bei ya chini kabisa. Mimi naona aanze na swali lingine: nikikatazwa viza, pesa yangu itarudi?

Kwetu mambo huanzia mwisho. Mahali pa kulala huonyeshwa kabla viza haijatolewa, na zile euro 90 za kuiomba hazirudishwi. Ukiwa umekwisha kulipia chumba kisichofutika, umepoteza mara mbili. Basi kitanda cha hosteli kinachofutwa bure, hata kikizidi bei kidogo, ndicho rahisi kwetu.

Ndugu akikupokea kwake, kule Matonge au kwingine, ni heri zaidi. Lakini ahadi ya simu haitoshi: akitaka kukugharamia, hupeleka hati ya prise en charge kwenye komine yake, pamoja na uthibitisho wa mapato. Tumwombe mapema, tukijua ni mzigo.

Masharti ya kufuta huandikwa kwa herufi ndogo. Sisi wa kitivo cha lugha tusipoyasoma hadi mwisho, nani atawasomea wadogo zetu?