MTOTO ASIYECHAGUA HATAJITAWALA

Wazazi wengi hapa Pemba humuuliza mwalimu wa skuli ya maandalizi swali moja tu: "Mwanangu ameandika nini leo?" Wakiambiwa kuwa mtoto ameshinda akipanga makombe na kumimina maji vikombeni, hununa, wakaona siku imepotea bure. Sisi tunasema haikupotea.

Tarehe 6 Januari 1907, Dokta Maria Montessori alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa mafukara wa San Lorenzo, mjini Roma. Aliwapa watoto wa vibarua vyombo vya kushika, akawaachia wachague kazi wenyewe, naye akawa mwenye kuwatazama na kuwaongoza. Watoto hao walitulia, na wengine waliandika na kusoma kabla ya kutimia miaka sita. Mussolini alizikumbatia skuli hizo kwanza, kisha katika miaka ya 1930 zikafungwa. Na Ujerumani ya Hitler ikazifunga zake. Hatushangai. Aliyezoea kuchagua na kufikiri tangu utotoni hageuzwi mtumwa wa amri.

Asiseme mtu kuwa haya ni mambo ya Ulaya. Msimu wa karafuu, mtoto wa Pemba hukaa jamvini na bibi yake akichambua: karafuu huku, makonyo kule. Hakuna anayempigia kelele. Mkono unafanya kazi, jicho linapambanua, akili inahesabu. Na huku kwetu pwani, skuli za awali za madrasa, zilizoanzia Mombasa katika miaka ya 1980 na kufika Zanzibar mwaka 1990, zimeonyesha kuwa vifuu vya nazi na makombe ni vifaa tosha, na kwamba mtoto anaweza kujichagulia kazi bila ya kuacha dini yake wala lugha yake.

Sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliingiza maandalizi katika elimu ya lazima. Ni hatua njema. Lakini kumtia mtoto darasani ni jambo moja, kumfundisha ni jengine. Mwalimu aliyezungukwa na watoto waliobanana hana nafasi ya kumtazama mmoja mmoja, hubakiwa na "Semeni baada yangu!" tu. Lawama si yake. Tunadai madarasa madogo, mafunzo ya kweli, na malipo ya haki kwa kila anayelea watoto hawa.

Nasi wananchi tusikae tukingoja Serikali. Kutoka Micheweni hadi Mkoani, nani hana vifuu? Seremala gani hana vipande vya mbao? Tuvipeleke skuli. Na jioni mtoto akirudi, tusimuulize ameandika nini. Tumuulize: "Leo umechagua kazi gani?"

Hatukupigania kujitawala ili tulee watoto wa kungoja kuamrishwa.