Ilani: Noeli Hii Mwenye Uchungu Asibaki Peke Yake

Sisi baba, mama na vijana wa Kikula, Panda na Shituru, hapa mjini Likasi, tunaanzisha harakati yenye dai moja: siku za Noeli zitolewe kwa jamaa, na kwanza kwa yule anayelia.

Likasi imekulia chini ya saa za kazi. Tangu enzi za kampuni ya madini ya Union Minière hadi Gécamines iliyoirithi, zamu ndiyo iliyoamua baba ale lini bukari na wanawe. Leo watoto wetu wako Fungurume na Kolwezi, kambini au mashimoni, na Desemba inawakuta huko. Wanatuma pesa kwa simu, nasi tunawashukuru. Lakini mzee aliyemzika mkewe mwaka huu anataka mtu wa kukaa naye barazani.

Kuna pia uchungu wa zamani, ambao hapa husemwa kwa sauti ya chini. Mwaka 1992 na 1993 majirani zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kutoka Katanga. Maelfu walilala stesheni yetu wiki na miezi wakingoja treni, na wengi walifia pale, watoto kwanza. Nyumba za ndoa mchanganyiko zilipasuka: huyu akapanda behewa, yule akabaki. Wapo mama zetu ambao hadi leo hakuna aliyewauliza, “Mama, ulimpoteza nani?” Tunataka waulizwe, na anayeuliza asiwe na haraka ya kuondoka.

Kwa hiyo tunaahidi kwenda kwenye kila nyumba iliyokuwa na kilio mwaka huu. Twende na sombe na unga, tupike huko huko, tuoshe vyombo. Tusimwambie mfiwa anyamaze, wala tusimhubirie. Amtaje marehemu wake kadiri apendavyo. Kwaya zetu, ambazo hufanya mazoezi Desemba nzima, tunaziomba ziimbe pia kwenye nyua za wafiwa na wagonjwa. Mwenye ndugu huko Kasai, Mbuji-Mayi au Mwene-Ditu, ampigie simu, hata kama miaka imepita bila neno.

Makampuni ya madini tunayadai jambo moja: aliyekosa Noeli nyumbani mwaka jana apewe likizo mwaka huu.

Tunaanza jioni ya tarehe 24 Desemba, mtaa kwa mtaa. Asiye na jamaa Likasi aseme kwa jirani yeyote kati yetu. Sahani yake itawekwa.