Gitaa la Mkono wa Kushoto



Juma hili mwenyekiti wa kwaya ametuletea karatasi tatu za bei, na kwa kuwa Halmashauri Walei ya parokia yetu itaketi Dominika ijayo kuzijadili, tumeona ni vema tuandike mawazo yetu mapema, ili kila mmoja ayapime kwa utulivu nyumbani kwake kabla ya kikao. Karatasi ya kwanza ni ya gitaa la umeme la kawaida, shilingi 350,000. Ya pili ni ya gitaa la umeme la mtu wa shoto, la daraja lile lile la chini, shilingi 520,000 pamoja na usafiri na ushuru, kwa sababu halipatikani dukani na ni lazima liagizwe. Ya tatu ni ya amplifaya ndogo, ambayo itahitajika kwa vyovyote vile. Tofauti ya magitaa hayo mawili ni shilingi 170,000. Hapa Singe, katika mwaka ambao mbaazi hazikutupatia bei tuliyoitumaini, fedha hiyo si kitu kidogo, na hatumlaumu mzee aliyetuuliza juzi nje ya kanisa: “Baba Paroko, kwa nini tulipe zaidi kwa gitaa litakalopigwa na mtu mmoja?”

Swali hilo ni la haki, nasi tutajitahidi kulijibu. Lakini kwanza hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe.

Miaka miwili iliyopita alijiunga na kwaya yetu kijana mmoja wa VIWAWA ambaye hutumia mkono wa kushoto. Alikuwa amejifunza muziki peke yake kwa gitaa kavu la mjomba wake. Kwa kuwa gitaa lile lilitengenezwa kwa ajili ya mtu wa mkono wa kulia, alikuwa ameligeuza, akazitoa nyuzi zote sita na kuzifunga upya kwa mpangilio wa kinyume. Mwanzoni mwa shingo ya gitaa kuna kipande kidogo cha mfupa au plastiki chenye mianya sita, kila mwanya umechongwa kwa unene wa uzi wake. Nyuzi zikigeuzwa, uzi mnene huketi juu ya mwanya mwembamba bila kuzama, na uzi mwembamba huchezacheza ndani ya mwanya mpana. Kijana huyo aliujaza mwanya ule mpana kwa vijiti vya kiberiti vilivyochongwa kwa wembe. Kwa vijiti hivyo vya kiberiti alipiga muziki ambao mwalimu wa kwaya alikuja kutuambia kwamba hajausikia kwa kijana mwingine hapa Babati.

Kwaya ilikuwa na gitaa moja tu, nalo ni la mkono wa kulia. Kila alipotaka kulipiga ilimbidi azibadili nyuzi, na mwenzake aliyekuwa akilipiga siku zote alilalamika, kwa haki kabisa. Shauri lililetwa kwetu. Sisi, tukiwa na haraka ya kwenda kigangoni, tuliamua kwa sentensi moja: ajifunze kupiga kama wenzake. Kijana alitii. Alihangaika kwa miezi minne kwa mikono iliyokataa, akapiga kama mtoto anayeanza, watu wakacheka, kisha siku moja hakuja mazoezini. Hatukumfuatilia. Tulidhani amechoka, kama vijana wanavyochoka.

Mwezi uliopita tulikwenda kusali katika jumuiya moja iliyofiwa. Usiku ule tulimsikia uani, akipiga gitaa lile la mjomba kwa sauti ya chini, na kina mama wakiimba naye mpaka kilio kikawa sala. Tulisimama gizani tukaona aibu. Tulielewa kwamba kijana yule hakuchoka. Tulimchosha.

Wapendwa, ubaya wa hukumu yetu ni kwamba ilionekana kuwa ya busara. Lugha yetu yenyewe imeegemea upande mmoja. Mkono wa kulia ni ule wa kulia chakula. Mkono wa kuume umepewa jina la mwanamume. Na wazee wa zamani waliuita ule mwingine mkono wa kike, kana kwamba hilo ni tusi. Wengi wetu tulioketi katika madarasa ya miaka ile tunaikumbuka fimbo iliyomshukia mtoto aliyeshika kalamu kwa kushoto. Tulifundishwa kutopokea wala kutoa kitu kwa mkono huo, na adabu hiyo ina maana yake katika kusalimiana na kula pamoja, hatuji kuivunja. Lakini adabu ya mezani ni jambo moja, na namna ambayo Mungu ameufuma mwili wa mtu ni jambo jingine. Wataalamu wanakadiria kwamba takribani mtu mmoja kati ya kumi hutumia mkono wa kushoto. Hesabuni watoto wetu wa Utoto Mtakatifu wanapokuja na matoleo yao, nanyi mtaona kwamba hatuzungumzii jambo la mtu mmoja.

Maandiko Matakatifu yanajua habari hiyo. Kitabu cha Waamuzi, sura ya 3, kinamtaja Ehudi mwana wa Gera, mtu wa shoto, aliyeufunga upanga wake katika paja la kulia na ambaye kwa mkono wake Israeli waliokolewa na Wamoabu. Sura ya 20 ya kitabu hicho hicho inawataja watu 700 wa shoto ambao waliweza kuulenga unywele kwa kombeo wasikose. Na wote hao, Ehudi pamoja na watu 700, walikuwa wa kabila la Benyamini, jina ambalo maana yake ni mwana wa mkono wa kuume! Mwandishi mtakatifu hakuona haya kuyaweka mambo hayo mawili pamoja. Wala hatusomi kwamba mtu yeyote aliwaambia watu wale wajifunze kutupa kama wenzao.

Sasa turudi kwenye gitaa lenyewe, maana tusiseme kwa hisia tupu. Wapo wanaosema: “Mbona gitaa linahitaji mikono yote miwili? Ajifunze la kawaida, basi.” Hoja hii ina ukweli. Mark Knopfler, mpiga gitaa wa bendi ya Dire Straits ya Uingereza, ni mtu wa shoto naye hupiga gitaa la mkono wa kulia tangu alipojifunza. Kwa mtoto anayeanza leo, sisi tungemwachia ajaribu pande zote mbili na kuchagua. Lakini kijana wetu haanzi leo. Vidole vyake vimeshajenga njia zao kwa miaka mingi. Kumwambia aanze upya ni sawa na kumwambia msomaji wetu wa Neno asome kitabu akiwa amekipindua.

Wapo wengine wanaosema: “Basi aligeuze hilo la kawaida, kama alivyozoea.” Hilo nalo limewahi kufanyika, tena na watu wakubwa. Jimi Hendrix wa Marekani, aliyefariki mwaka 1970, alijulikana duniani kote kwa kupiga gitaa la mkono wa kulia lililopinduliwa na kufungwa nyuzi upya. Mama Elizabeth Cotten, mwimbaji wa Marekani aliyepata kufanya kazi za ndani katika nyumba za watu, alilipindua gitaa bila kuzibadili nyuzi kabisa, akapiga besi kwa vidole na wimbo kwa dole gumba. Mwaka 1985, akiwa bibi kizee, alitunukiwa tuzo ya Grammy. Tunawaheshimu sana. Lakini tusiigeuze subira yao kuwa kisingizio chetu. Gitaa la umeme likipinduliwa, vitufe vya sauti na tundu la waya huja juu, chini ya mkono unaopiga. Upande uliokatwa ili vidole vifikie sauti za juu huwa haupo tena mahali pake. Na vipande vinavyobeba nyuzi katika daraja vinahitaji kupimwa upya, la sivyo gitaa huimba sawa karibu na kichwa chake na kupotoka kadiri mkono unavyoteremka. Fundi mwema aweza kurekebisha sehemu ya hayo. Naye atadai ujira wake, na akishamaliza, yule mpigaji wetu wa mkono wa kulia hatakuwa na gitaa.

Tena tusidhani kwamba chombo rahisi ni chombo cha dharau. Mwaka 1961, huko Hamburg, Ujerumani, kijana Paul McCartney alinunua gitaa la besi la shoto la kampuni ya Höfner kwa takribani pauni 30, kwa sababu hakuwa na fedha za kununua la gharama. Kwa gitaa hilo The Beatles walirekodi nyimbo zao za mwanzo. Liliibwa mwaka 1972, likatafutwa, na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba limerudi mikononi mwake. Bei ya siku ya kwanza haikupima thamani yake.

Hata hivyo, wahenga walisema rahisi ni ghali, na kwaya imekwisha kuonja. Muuzaji mmoja alitutumia kwa simu picha ya gitaa “la shoto” kwa bei nafuu ajabu. Tulikuwa karibu kutuma fedha, ndipo mwalimu wa kwaya alipoona kwamba herufi za jina la kampuni juu ya kichwa cha gitaa zinasomeka kinyume, kama katika kioo. Ilikuwa picha ya gitaa la kawaida iliyogeuzwa! Kwa hiyo tunapendekeza mambo haya. Fedha yote isilipwe kabla chombo hakijaonekana kwa macho na kushikwa na mpigaji mwenyewe. Shingo itazamwe kwa urefu wake kama fundi seremala anavyotazama ubao, ionekane kama imepinda. Kila uzi upigwe kila mahali pa kubonyeza, isikike kama kuna panapokwaruza. Waya uchomekwe, vitufe vizungushwe, isikike kama kuna mikwaruzo. Na zitengwe fedha kidogo za fundi, kwani gitaa la bei ya chini mara nyingi hutoka kiwandani likiwa zima lakini halijasawazishwa. Nyuzi za akiba hazitatusumbua, kwa kuwa ni zile zile za gitaa la kawaida. Hufungwa tu kwa mpangilio wa kinyume.

Tutakiri pia ubaya wa uamuzi tunaouunga mkono. Gitaa la shoto ni gumu kuliuza tena. Kijana akihama, laweza kukaa stoo mwaka mzima. Mwenzake hawezi kulishika siku asipokuwepo. Nasi hatuwezi kuwaahidi kwamba atarudi: tulimwendea nyumbani tukamwomba radhi, akatusikiliza kwa heshima, akasema atakuja kuliona gitaa kwanza. Hilo ndilo jibu lake, nasi hatukumshurutisha aseme zaidi.

Kuhusu kama gitaa la umeme linafaa kanisani, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya mwaka 1963, uliipa ogani heshima ya kwanza, ukaruhusu vyombo vingine kwa idhini ya mamlaka husika ya Kanisa mahali, mradi vifae kwa ibada, vilingane na hadhi ya hekalu na kuwajenga waamini. Gitaa letu litapigwa kwa kipimo hicho. Amplifaya ina kitufe cha kupunguza sauti, na mwalimu wa kwaya ana mkono wa kukizungusha.

Tunarudi sasa kwa mzee wetu na swali lake. Kwa nini tulipe zaidi kwa ajili ya mtu mmoja? Kwa sababu tulikwisha kulipa kidogo, na kile kidogo kilitugharimu mtu. Tulipojenga ngazi za kanisa hatukumwambia mgonjwa wa miguu ajifunze kupanda. Tulijenga njia ya mteremko, na leo akina mama wenye watoto mgongoni ndio wanaoitumia zaidi. Yule mchungaji wa Injili aliyewaacha kondoo tisini na tisa, hesabu yake mbele ya mhasibu ingekuwa mbaya. Nasi tunaamini kwamba gitaa hilo likiwepo, mtoto wa shoto aliyeketi leo katika benchi la mbele atajua kwamba mkono wake una kazi katika nyumba ya Bwana, kabla hajasikia sentensi kama ile yetu.

Kwa kuwa kosa lilikuwa letu, ni haki tuanze sisi. Tutatoa shilingi 100,000 kutoka mfuko wetu wenyewe, si wa parokia. Zitakazobaki katika ile tofauti ni shilingi 70,000, na hizo tunaziachia hekima ya Halmashauri. Mkiona vinginevyo, tutapokea uamuzi wenu bila kinyongo. Lakini tunawaomba kwanza mwende mkaombe kuonyeshwa lile gitaa la mjomba, mvione vile vijiti vya kiberiti.

Tunawatakia juma jema, na amani ya Bwana iwe nanyi nyote.

Paroko wenu, Singe – Babati